Helikopta ya Rais na Hewa ya Ufipa

Kwetu Sumbawanga, helikopta ikitua wakati wa kampeni, watu huulizana bei yake. Mimi ninayesomea uhandisi huwa najiuliza uzito wake.

Mji wetu uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Siku ya nyuzi joto 25, densiti ya hewa yetu ni kama asilimia 82 tu ya ile ya Dar es Salaam siku ya nyuzi 30. Helikopta huelea kwa kusukuma hewa chini, kwa hiyo kwa mzigo uleule mapanga yake yatadai nguvu zaidi, kama asilimia 10. Injini nayo inavuta hewa hiyohiyo nyepesi, hivyo nguvu zake zinapungua. Ni sawa na kodi ya geto kupanda mwezi uleule boom linapokatwa.

Sasa mpandishe mkuu wa nchi. Anahitaji walinzi, mawasiliano ya siri, kinga ya risasi, vifaa vya kukwepa makombora na mafuta ya akiba. Kila kimoja kina sababu ya msingi, lakini ukiongeza uzito kwa asilimia 10, nguvu ya kuelea inayohitajika inapanda kwa kama asilimia 15. Ukisema ufunge injini kubwa zaidi, itataka mafuta mengi na giaboksi imara, na vyote hivyo ni uzito tena.

Wamarekani yaliwakuta. Mwaka 2005 walichagua VH-71, iliyotokana na helikopta ya AgustaWestland iliyokuwa tayari inaruka. Ilionekana kazi ndogo: chukua chombo kilichopo, ongeza mahitaji ya Rais. Masharti yakawa mazito, usanifu ukarudiwa, na makadirio ya gharama ya helikopta 28 yakatoka dola bilioni 6.1 hadi zaidi ya bilioni 13. Mwaka 2009 mradi ukafutwa.

Kwa maoni yangu, ugumu mkubwa hapa si wa hesabu. Hesabu tunafundishwa darasani. Kazi ipo pale mhandisi anapotakiwa kumwambia mkubwa kwamba kitu fulani hakipandi. Basi wenzangu, tupige hesabu kwa hewa ya Sumbawanga saa nane mchana, siyo ya Dar asubuhi. Mzigo ukizidi, kitu kishuke, hata kama ni afisa itifaki.