NI FEKI! LAKINI KWA NINI?

Sidhani kuna neno linalotamkwa kwa wepesi mabwenini kama neno "feki". Mtu akivaa raba mpya Jumamosi, kabla hajafika mlangoni ashaambiwa ni feki. Akiuliza kwa nini, anajibiwa, "Si unaona tu!" Makala haya yanahusu hilo "si unaona tu". Je, anayejua kutofautisha bidhaa halisi na ghushi aeleze sababu zake waziwazi, au azifiche ili mwigaji asizisikie?

Bidhaa za wabunifu mashuhuri wa Ulaya, yaani mikoba, saa, viatu na mishipi, huigwa kwa kuwa bei yake imo katika jina kuliko katika ngozi. Hebu tuitazame kampuni ya Louis Vuitton ya Ufaransa, ambayo imefukuzana na waigaji tangu enzi za mababu. Mzee Louis Vuitton alifungua duka la masanduku ya safari mjini Paris mwaka wa 1854. Masanduku yakapendwa, yakaigwa. Mwaka wa 1872 kikaja kitambaa cha mistari. Kikaigwa. Mwaka wa 1888 kikatolewa kitambaa cha miraba kama ubao wa drafti, na juu yake maandishi ya kutangaza kwamba nembo imesajiliwa. Nacho hakikunusurika. Mwaka wa 1896 mwanawe, Georges, akabuni kile cha herufi L na V zilizopishana pamoja na maua, kusudi waigaji washindwe kabisa. Leo hicho ni miongoni mwa vitambaa vinavyoigwa zaidi duniani!

Waama, alama inayoonekana na mnunuzi huonekana na mwigaji pia. Ndipo zikatafutwa alama za ndani. Kuanzia miaka ya 1980 mikoba ya kampuni hiyo ilipigwa mhuri mdogo, mahali pa kujificha, wenye herufi na tarakimu. Herufi zilitaja kiwanda, tarakimu zikataja wakati. Kuanzia mwaka wa 2007, tarakimu ya kwanza na ya tatu zilikuwa za wiki, ya pili na ya nne zikawa za mwaka. Sasa chukua mkoba wenye tarakimu 6018. Ukisoma kwa utaratibu huo utapata wiki ya 61 ya mwaka wa 2008. Wiki ya 61 jamani! Mwaka una wiki 52 na siku moja au mbili. Mwigaji alijipachikia tarakimu ovyo bila kujua maana yake, na hapo akanaswa.

Lakini siku utakapotangaza mbele za watu kwamba mkoba huu ni ghushi kwa sababu ya wiki ya 61, utakuwa umemfundisha mwigaji bila karo. Mkoba wake ujao utapigwa wiki ya 21, nawe umebaki mikono mitupu. Hayo si maneno ya kubuni. Mihuri isiyo na kosa lolote ilijaa kwenye mikoba ghushi, na mwaka wa 2021 kampuni ikaachana na mihuri, ikatia chipu ya elektroniki ndani ya mkoba. (Nimeianika siri hii hapa kwa kuwa si siri tena.)

Basi wanaosema "tunyamaze" wana hoja. Hata hivyo mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Kwanza, mwigaji mkubwa hahitaji kutuuliza sisi. Anaweza kununua mkoba mmoja halisi, akaufumua mshono kwa mshono, akapima kila kitu. Anayebaki gizani ni mnunuzi ambaye amedunduliza pesa zake miezi kadhaa.

Pili, yuko anayeshtakiwa. Tuseme kuna mama anayeuza mitumba Gikomba. Kwenye robota lililotoka Ulaya anakuta mkoba wa kikale. Mteja anauchunguza, anasema, "Mama, hii ni feki, haina mhuri," kisha anaenda zake. Kumbe mikoba iliyoshonwa kabla ya miaka ya 1980 haikuwa na mhuri wowote! Mteja huyo angalau alitaja sababu, na sababu ikitajwa inaweza kujibiwa. Angesema "si unaona tu", mama angejitetea vipi?

Na jambo lenyewe si mzaha. Sheria ya Kenya ya kupambana na bidhaa ghushi, ya mwaka wa 2008, inampa anayepatikana na hatia kwa mara ya kwanza kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyopungua mara 3 ya bei ya rejareja kwa kila kitu. Anayekuja kusema "hii si yetu" aghalabu ni kampuni yenye nembo, na mwamba ngoma huvutia kwake. Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinampa mshtakiwa haki ya kuelezwa shtaka kwa kina na kuuona ushahidi utakaotumiwa dhidi yake. Mahakamani, basi, siri ya kampuni haitoshi.

Mbona Benki Kuu ya Kenya haikuogopa? Ilipotoa noti mpya mwaka wa 2019 iliwafundisha wananchi wote: ipapase, itazame kwenye mwanga uone kichwa cha simba, igeuzegeuze uone uzi ukibadilika rangi. Waghushi walisikia pia. Lakini nguvu ya alama zile haiko katika kufichwa, iko katika ugumu wa kuzitengeneza. Tarakimu za mkobani ni kinyume chake, kwani kuzirekebisha hakumgharimu mwigaji hata ndururu.

Kwa maoni yangu mpaka uwekwe hapo. Mshono uliopinda, ngozi inayonuka plastiki, zipu inayokwama, haya yaelezwe hata sokoni kwa sauti. Mwigaji akitaka kuyarekebisha itambidi amlipe fundi hodari na anunue ngozi ya maana, na faida yake itapungua. Makosa ya tarakimu na herufi aelezwe mwenye mkoba, pembeni, taratibu. Asinyimwe.

Chipu imeleta mambo mengine. Hiyo haionekani kwa macho, na kampuni ndiyo inayoisoma. Mikoba hiyo ya 2021 na baadaye itakapoingia kwenye marobota, mama wa Gikomba na mteja wake hawatakuwa na mhuri wa kubishania. Watabaki na mshono, ngozi na zipu.