Je, Wajua? Mafuta Nayo Hubebwa na Wapagazi

Mawese na nta vina asidi moja
Mawese ya Kigoma na nta ya mizinga ya Tabora vina asidi ya mafuta ya aina moja! Inaitwa palmitiki, nayo ni mnyororo wa kaboni 16. Katika mawese inachukua kama asilimia 44 ya mafuta yote. Tofauti ni kwamba ndani ya nta imefungwa kwa namna ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuifungua. Anayeweza ni yule ndege anayemwita mrina asali porini na kumfikisha hadi kwenye mzinga. Mtu akishachukua asali yake, ndege hushuka kula masega. Nta ndiyo ujira wake.

Hakuna tone linalosafiri peke yake
Mwaka 1857, wapelelezi Waingereza Burton na Speke walitumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani hadi Kazeh, Tabora ya leo. Mizigo yao ilikwenda kama mizigo yote ya njia ile: kwa punda na kwa mabega ya watu. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama kilo 30, na Wanyamwezi walisifika kuliko wote kwa kazi hiyo.
Sasa jitazame wewe. Mafuta na maji havipatani, na damu yako kwa sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo asidi ya mafuta lazima ibebwe. Kwenye damu hubebwa na protini iitwayo albumini. Ikishaingia ndani ya seli, hupokewa na protini ndogo ambazo wanasayansi walizieleza mwaka 1972. Ile ya kwenye ini ina asidi amino 127 tu. Hemoglobini inayobeba oksijeni ina 574. Pamoja na udogo huo, mpagazi wa ini hubeba asidi mbili kwa mkupuo, wakati ndugu yake wa moyoni hubeba moja. Mimi hili hunishangaza kila nikilisoma.

Hata mwilini kuna hongo
Misafara ya kwenda Tabora na Ujiji ilipopita Ugogo ililipa hongo, yaani ushuru wa njia kwa watemi. Asidi ndefu ya mafuta nayo husimamishwa mlangoni mwa mitokondria, tanuri la seli, na haipiti mpaka ifungwe kwenye karnitini. Karnitini iligunduliwa ndani ya nyama mwaka 1905, na jina lake linatokana na neno la Kilatini la nyama. Ukishiba ugali mlango hubanwa, kwa sababu sukari ipo ya kutosha. Ukikaa na njaa unafunguliwa, na mafuta yanaanza kuchomwa.

Gramu 1, nguvu maradufu
Gramu 1 ya mafuta hutoa kilokalori 9, ya wanga 4. Ndiyo maana mwili huweka akiba yake kubwa kwenye mafuta.

Mpagazi wa moyo hutoa taarifa
Misuli ya moyo ikiumia, mpagazi wake huvuja na kuonekana kwenye damu ndani ya saa chache. Ni mdogo mno, hivyo hutoka mapema, na madaktari wanaweza kumpima.

Mpagazi wa binadamu, kiwanda ni bakteria
Ili kumchunguza mpagazi wa ini, huhitaji kukata ini la mtu. Watafiti hupandikiza jeni ya binadamu ndani ya bakteria aina ya E. coli, wa jamii ileile inayoishi utumboni mwetu. Akipata chakula na joto zuri hugawanyika kila dakika 20. Kwa mwendo huo, bakteria mmoja wa saa 12 asubuhi angekuwa na kizazi cha zaidi ya bilioni ifikapo saa 10 jioni. Wote wanatengeneza protini yetu!
Mara nyingi protini hiyo huongezewa mkia wa histidini sita. Supu ya bakteria waliopasuliwa ikimiminwa kwenye mrija wenye chembe za nikeli, mkia hunasa hapo, na takataka nyingine husafishwa na maji. Baadaye mpagazi huachiliwa akiwa safi, tayari kwa watafiti kujaribu iwapo dawa mpya itamfanya aushike au autue mzigo wake. Kwa kupandikiza jeni namna hiihii ilipatikana insulini ya binadamu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1982. Ila insulini ni dawa. Wapagazi wa mafuta nao huuzwa kwenye vichupa, lakini ni wa utafiti wa maabara tu: hawanywewi wala hawadungwi.