Deni la miezi saba lilipopotea na kompyuta

Dada yangu ana stoo ya nafaka hapa Kikagate. Hununua maharage ng'ambo ya Mto Kagera, upande wa Murongo, na kuyapeleka Nakivale na Mbarara. Kwa miaka minne hesabu zake zote zilikaa kwenye laptopu moja ya mtumba: nani kachukua magunia mangapi, nani kalipa nusu, nani kaahidi mwisho wa mwezi, kwa shilingi ya Uganda au ya Tanzania. Usiku mmoja wa Machi umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena. Asubuhi laptopu haikuwaka.

Tuliipeleka Mbarara kwa fundi. Jioni akatupigia simu kwamba iko tayari. Kweli ilikuwa tayari: inawaka upesi, safi, na tupu kabisa. Fundi alikuwa ameweka Windows mpya juu ya kila kitu, akidhani anatusaidia, na sisi hatukuwa tumemwambia kwamba tunachotaka ni faili, si mashine. Kosa hilo nalihesabu kuwa letu nusu kwa nusu.

Nakala ilikuwepo, lakini ilikuwa kwenye flashi na ya Agosti iliyotangulia. Miezi saba ya madeni ikawa imebaki kichwani mwa dada na kwenye dhamira za wateja. Mteja mmoja wa Nakivale, Mkongomani, alikuja mwenyewe na daftari lake la shule, wakakaa chini wakapiga hesabu mpaka zikalingana. Mwingine alisema alishalipa. Hakukuwa na karatasi ya kumbishia.

Tangu siku hiyo nimeulizwa mara nyingi, na watu wa pande zote mbili za mto, njia ipi ni bora ya kutunza nakala ya kompyuta ya nyumbani. Jibu linategemea unachoogopa kukipoteza.

Kuna nakala za aina mbili. Ya kwanza ni ya faili zako tu: hesabu, picha za risiti, barua, vyeti ulivyoskani. Ya pili ni taswira ya diski nzima, yaani Windows, programu, mipangilio na faili, vyote vikifungwa pamoja ili mashine ikifa uirudishe kama ilivyokuwa. Mafundi wengi huisifu hii ya pili, na ni nzuri, lakini ni nzito na huchukua saa kadhaa. Kwa mfanyabiashara mwenye faili chache za Excel, naiona si ya lazima. Windows huwekwa upya kwa mchana mmoja; deni la maharage haliwekwi upya na fundi yeyote. Taswira itengeneze kama una programu ya hesabu uliyoilipia na kuipanga kwa shida, na hata hapo mara moja kwa mwezi inatosha. Zipo programu za bure zinazofanya kazi hiyo, kama Clonezilla na Rescuezilla. Ukishauriwa kutumia toleo la bure la Macrium Reflect, ambalo zamani lilipendwa sana, jua kwamba liliacha kupata masasisho ya usalama tangu Januari 2024.

Sasa nakala uiweke wapi? Wapiga picha na watu wa kompyuta wana kanuni ya 3-2-1: nakala tatu za kila kitu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Hiyo ya mwisho ndiyo tunayoidharau, na watu wa huku hatuna sababu ya kuidharau. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9 liliangusha nyumba mkoani Kagera. Aliyekuwa na laptopu mezani na diski ya akiba kabatini angeweza kupoteza zote mbili kwa dakika moja. Na Nakivale, kambi iliyoanza kupokea wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1950, imejaa watu wasiohitaji kuelezwa maana ya kutoka nyumbani bila karatasi hata moja.

Wengi watasema: weka kwenye wingu, yaani kwenye hifadhi ya intaneti. Ni sawa, na faili ya hesabu ni ndogo, hata bando dogo linaitosha. Google hutoa gigabaiti 15 bure, OneDrive ya Microsoft hutoa 5. Ila hizo 15 zinagawanywa na barua pepe na picha zako, na tangu 2024 hata nakala za WhatsApp za simu ya Android huhesabiwa humo. Mfanyabiashara anayepokea picha za mizigo kutwa nzima atashangaa nafasi imejaa na hesabu hazipandi tena. Tena intaneti yenyewe si ya kuiegemea peke yake. Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu wa Uganda, ilizimwa nchi nzima kwa siku tano. Faili ya mtandaoni ambayo huna nakala yake mkononi ilikuwa haifunguki siku hizo zote.

Kuna jambo jingine linalowakosesha watu. Folda inayojilinganisha na wingu yenyewe siyo nakala ya akiba. Ukifuta faili kwenye laptopu, inafutika na huko juu. Ukiiharibu na kuihifadhi, inaharibika na huko juu. Google Drive huweka kilichofutwa kwenye pipa la taka kwa siku 30, kisha basi. Ukigundua siku ya 40 kwamba mtoto alifuta folda ya mwaka jana, umechelewa.

Kwa hiyo nunua diski ya nje. Flashi ni ya kubebea faili, si ya kuzitunza. Hupotea mfukoni na hufa bila taarifa. Diski ikishamaliza kunakili, ichomoe. Tarehe 12 Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ilianza kuzifunga faili za kompyuta katika nchi zipatazo 150, ikidai fidia ili izifungue. Virusi vya aina hiyo hufunga pia diski yoyote inayokutwa imechomekwa. Na laptopu za mtumba ziko hatarini zaidi, kwa kuwa nyingi bado zina Windows 10, ambayo Microsoft ilimaliza kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Madeni ya watu ni siri. Kama diski itakaa kwa mtu mwingine, zifunge faili kwa nywila. Programu ya bure ya 7-Zip inafanya hivyo. Nywila iandike kwenye karatasi, uifiche mbali na diski. Ukiisahau, hakuna wa kukufungulia. Jambo linalofanana na hilo: laptopu mpya nyingi zenye Windows 11 hufunga diski nzima kwa BitLocker bila mwenyewe kujua. Mashine ikiharibika utaulizwa ufunguo wa tarakimu 48. Utafute leo kwenye akaunti yako ya Microsoft, mashine ikiwa bado nzima, uunakili.

Halafu jaribu kurejesha. Kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake ni kutunza kazi za wataalamu wa kompyuta, ilifuta hazina yake kwa bahati mbaya tarehe 31 Januari 2017. Ilikuwa na njia tano za akiba, na hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi kama ilivyodhaniwa. Walijiokoa kwa nakala ya saa sita nyuma ambayo mfanyakazi aliitengeneza kwa sababu nyingine. Wewe chukua diski yako, nenda kwenye kompyuta ya jirani, fungua hesabu ya wiki iliyopita. Ikifunguka, una nakala. Isipofunguka, bora ujue leo. Andaa pia flashi ya uokoaji ya Windows, ya gigabaiti 16 au zaidi, mashine ikiwa nzima.

Na ukienda kwa fundi, neno la kwanza liwe hili: usifute kitu, toa kwanza diski unakili faili. Diski ya laptopu iliyokufa mara nyingi bado husomeka ikichomekwa kwenye mashine nyingine. Yetu pengine ingesomeka.

Mamlaka ya mapato nayo haitapokea maelezo ya umeme kukatika. Sheria ya Uganda ya taratibu za kodi inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5.

Dada sasa ana diski mbili. Moja iko stoo. Ya pili iko Mbarara kwa shangazi, na kila mwanzo wa mwezi, mzigo unapopanda, zinabadilishana ndani ya gari lile lile la maharage. Laptopu ina hesabu za tangu Machi. Zile za miezi saba aliziandika upya kwa kukumbuka, kwenye ukurasa wa peke yake, na mbele ya majina manne ameweka alama ya kuuliza.