Nyumbani Kumehama

Tulipofika Sericho, kaunti ya Isiolo, tulidhani watoto wa bwenini wamepungukiwa na vitabu. Tulibeba maboksi ya juzuu na kalamu za rangi. Mwalimu alitushukuru kwa adabu, kisha akauliza kama tuna sabuni.

Wenyeji wengi hapa ni Waborana, ndugu zetu Waislamu, wafugaji wanaofuata malisho. Mifugo inapohama, bweni ndilo humwezesha mtoto kubaki darasani. Mvua zilikosekana mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020. Mwenye ng'ombe aliyefiwa na ng'ombe atalipa karo kwa nini?

Asubuhi tuliwasomesha Kiswahili, nao wakicheka matamshi yetu ya Kiborana. Jioni tulishona sare zilizochanika, na tukiri, kazi hiyo ndiyo iliyohitajiwa zaidi.

Siku ya kufunga shule, binti mmoja alibaki ameketi juu ya sanduku lake. Tulimwuliza kwao ni wapi.

"Nyumbani kumehama," akajibu.

Mpishi alimtandikia godoro chumbani mwake.

Likizo ijayo tutarudi, inshallah. Mwenye sabuni, kitambaa cha sare au siku kumi za nafasi, atuone baada ya sala ya Ijumaa, upande wa akina mama.