Je, Wajua? Gari Lililotuniwa Likigoma Asubuhi, Plagi Si ya Kwanza Kulaumiwa

Subaru Impreza iliyofungwa nozeli kubwa za mafuta huweza kuchomoka vizuri barabarani, kisha ikamisi na kuzima mara mbili tatu asubuhi ya baridi ya Limuru. Wengi hukimbilia betri na plagi. Lakini stata ikizungusha injini kwa nguvu, betri haina kesi. Na plagi mbovu humisi hata injini ikiwa moto, hasa ukikanyaga mafuta. Petroli baridi haigeuki mvuke kwa urahisi, hivyo kompyuta ya injini husoma joto la maji na kuongeza mafuta. Nozeli zikibadilishwa bila hesabu hiyo kurekebishwa, kipimo cha zamani humwaga petroli kupita kiasi.

Utauliza: mbona ikipata moto inatulia? Kwa sababu sensa ya oksijeni, inayosogeza mchanganyiko kwenye sehemu 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli, haifanyi kazi mpaka ifike nyuzi 300 hivi. Kabla ya hapo injini hufuata tu namba alizoweka fundi kwenye kompyuta, naye mara nyingi amezipanga injini ikiwa moto. Inapogoma, fungua plagi: ikilowa na kunuka petroli, mafuta yamezidi, ikiwa kavu, pima presha ya pampu. Kisha liache gari lilale gereji, fundi aliwashe alfajiri likiwa baridi kabisa na kurekebisha namba hizo.