Maziwa Yako, Usiyachemushe

Siku ya kupima watoto, wamama wengi wananiuliza: «Maziwa ninayokamua kwa ajili ya mutoto, niyachemushe kwanza?» Wanaona maziwa ya ngombe inachemushwa, basi wanafikiri ni vile vile kwa maziwa yao.

Nakumbuka mama mumoja aliyezaa mbele ya wakati. Mutoto alikuwa mudogo hata hakuweza kushika titi. Mama alikamua vizuri, akachemusha vizuri, akamupa kwa kijiko. Lakini kwenye mizani mutoto alibaki palepale. Mama huyo hakuwa muvivu. Alizidisha kazi moja tu.

Juu ya nini? Karibu nusu ya nguvu ambayo mutoto anapata katika maziwa ya mama inatoka katika mafuta yake. Mafuta hayo yanapaswa kukatwa vipande vidogo mbele ya kuingia mwilini. Anayekata ni enzimu moja, jina lake lipazi. Enzimu ni proteini yenye kazi, sawa na kisu jikoni. Kwa mutu mukubwa lipazi nyingi inatoka kwenye pankreasi, kiungo kilicho nyuma ya tumbo, lakini ya mutoto muchanga ingali zaifu. Kwa hiyo titi linamutumia lipazi ingine ndani ya maziwa yenyewe. Maziwa ya ngombe haina hiyo.

Sasa ona namna titi linaitengeneza. Ndani ya chembe ndogo sana za titi, proteini inaungwa kama uzi murefu, kisha inakunjwa. Wakati ule ule chembe inafungia juu yake vipande vidogo vya sukari, na vingine vingi inavifungia kwenye mukia wake. Hii si sukari ya chai, hauwezi kuionja. Vipande vya kwanza vinasaidia proteini ikunjwe sawasawa, maana ile iliyokunjwa vibaya chembe haiachilie itoke, inaivunja palepale. Vile vya mukia vinaikinga isikatwe-katwe mbele ya kutoka. Wachunguzi walipozuia sukari hizo kufungwa, katika chembe walizokuza, lipazi kidogo tu ilitoka inje. Lakini mukia wenyewe haukati mafuta. Makali ya kisu yako sehemu ingine.

Mama mwingine atasema: «Basi nitakula sukari nyingi!» Hapana, mama. Mwili unatengeneza vipande hivyo kwa chakula chako cha kila siku, bugali na sombe na maharagi.

Ndani ya titi lipazi hii imelala. Inapita katika tumbo la mutoto, halafu kwenye matumbo madogo inakutana na nyongo, na nyongo inaiamusha. Hapo inaanza kukata.

Lakini moto unaiharibu mbele ifike. Tazama ute wa yai: ukiisha kuiva haurudi tena kuwa maji. Lipazi ni vile vile. Vipande vya sukari vinabaki, lakini mikunjo imefunguka, na kisu hakikati tena. Si lazima maziwa itokote: hata digri 62,5 kwa dakika 30 zinatosha kuizimisha.

Basi chemusha kikombe, si maziwa. Nawa mikono, kamua, funika, weka fasi ya baridi, na umupe mutoto mbele masaa 4 hayajapita. Kama imepoa sana, simamisha kikombe ndani ya maji ya vuguvugu. Mafuta inapanda juu, tikisa polepole. Maziwa ya kwanza ya rangi ya manjano usiyamwange, mupe yote. Lakini kama munganga alikuagiza kupasha maziwa moto kwa sababu ya ugonjwa, ao kama maziwa ni ya mwanamuke mwingine, fuata agizo lake. Hata ikipashwa moto ingali na faida nyingi.

Yule mama aliacha kuchemusha. Siku zilizofuata mizani ilianza kusogea. Sisemi ni lipazi peke yake, maana tulimuomba pia amulishe mutoto mara nyingi zaidi, hata usiku.