Kutambua Mafaili ya Programu kwa Heshi

Jina la faili ni kitambulisho dhaifu. Chukuliwe mfano wa mwanafunzi wa mtaa wa Katoyi, komini ya Karisimbi mjini Goma, aliyepokea programu kwa diski iliyopita mikononi mwa watu wengi. Faili limekwisha kubadilishwa jina, toleo halijulikani, wala hakuna ajuaye kama kirusi kilipenyezwa njiani. Atajuaje alichopewa?

Njia thabiti ni kukokotoa heshi ya faili hilo. Kanuni iitwayo SHA-256 husoma faili zima, liwe dogo au kubwa, na kutoa biti 256, ambazo huandikwa kwa alama 64 za tarakimu na herufi. Jina halihusiki, bali biti moja tu ya yaliyomo ikigeuka, heshi huwa nyingine kabisa. Neno lenyewe lilitoka katika kitenzi cha Kifaransa hacher, yaani kukatakata, likapitia Kiingereza. Wafaransa pia husema empreinte, alama iachwayo na kidole, na sitiari hii yaelekea kufaa zaidi kwa Kiswahili, kwani kinachotafutwa ni utambulisho.

Heshi ikipatikana, hutafutwa katika orodha. Hifadhi ya vifurushi vya Debian, iliyoanza kukusanywa mwaka 2005, hutambulisha kila faili kwa heshi ya SHA-1, hata jina na toleo vikapatikana. Taasisi ya NIST ya Marekani nayo hutoa orodha ya heshi za programu zinazofahamika, ambayo ikishapakuliwa hutumika pasipo intaneti.

Orodha hiyo si cheti cha usafi: baadhi ya programu zilizomo ni zana za wadukuzi. Heshi isiyopatikana nayo haithibitishi hila. Huenda faili lilikatika lilipokuwa likinakiliwa. Aidha, kanuni huchakaa. MD5 ilivunjwa mwaka 2004, na mwaka 2017 watafiti walitengeneza mafaili mawili tofauti yenye heshi moja ya SHA-1. Kwa hiyo SHA-1 yafaa kutafutia jina, lakini uthibitisho utafutwe kwa SHA-256. Nayo heshi ya kulinganishia isichukuliwe katika diski ileile, kwani aliyebadili faili angeweza kuibadili nayo. Ichukuliwe kwa mtengenezaji. Hesabu yenyewe hufanywa kwa amri moja: sha256sum katika Linux, certutil katika Windows.